Makala kumi kuhusu upatu: nazipata wapi, na nitajuaje ipi ni ya maana?

Mama Dayana wa Kihonda
Jumapili, saa 4:12 usiku

Habarini za usiku wadau. Wakubwa zangu shikamooni.

Nasoma sosholojia mwaka wa pili hapa Morogoro. Nimerudi darasani nikiwa na miaka 41, watoto watatu, na meza ya mchele na maharage pale soko la Chifu Kingalu. Mkiona nauliza jambo ambalo wadogo zenu wanalijua tangu kidato cha tano, mnisamehe. Mhadhiri wetu nimemzidi miaka sita na bado namwogopa.

Ametupa zoezi hivi: uchague jambo moja la kijamii, utafute makala kumi kwenye majarida ya kitaaluma yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa, angalau sita ziwe za miaka kumi ya karibuni, halafu kila makala uiandikie nusu ukurasa wa kuitathmini. Kuitathmini, siyo kuifupisha. Hilo neno alilipigia mstari ubaoni mara mbili.

Nikachagua upatu kwa sababu naujua. Nimecheza tangu 2006, na mwaka wa nne huu mimi ndiye kijumbe wa akina mama 12 pale sokoni: elfu tano kwa siku, kila baada ya siku sita anapokea mmoja 360,000. Nikadhani nimechagua kitu chepesi. Nimeandika "upatu" kwenye Google nikaletewa habari za polisi na maonyo kuhusu watu waliotapeliwa mamilioni wakiahidiwa faida ya haraka. Siyo upatu ninaoujua mimi. Nikajaribu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, vikundi vya wanawake, kuweka akiba, Tanzania. Yakaja matokeo maelfu kwa maelfu, nikachoka kabla ya ukurasa wa tatu.

Basi nikaipata moja. Kichwa chake utadhani mwandishi aliniona: akina mama, soko, upatu, Tanzania, yote humo. Nikaipeleka kwenye rasimu kwa furaha. Mhadhiri akaizungushia duara la kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Hili ni jarida?" Basi, hakuandika kingine. Nikarudi kuangalia. Jina la jarida lina "la kimataifa" na "la taaluma zote", na toleo hilohilo limechapa utafiti wa rutuba ya udongo, magonjwa ya kuku na uongozi wa makanisa.

Nyingine zinazoonekana nzuri zinataka dola 30 na kitu kwa kurasa 18. Hela hiyo mimi nikiipata naipeleka kwenye upatu.

Maswali yangu ni mawili. Zinapatikana wapi bila kuuza meza? Na nitajuaje hii ni ya maana na hii ni takataka, kabla kalamu nyekundu haijaniambia?


Dogo wa Mabibo
Jumapili, saa 4:31 usiku

Maza usijitese usiku wote huu. Fungua ChatGPT, mwambie akupe makala kumi za upatu na marejeleo yake kabisa. Dakika moja umemaliza, unalala.


Asali na Shubiri
Jumapili, saa 5:02 usiku

Dogo, usimpeleke mama wa watu kwenye shimo ambalo mimi nilishadumbukia.

Nilifanya hivyo nikiandika pendekezo la shahada ya uzamili. Nikapewa marejeleo saba mazuri ajabu, yana mwaka, juzuu na namba za kurasa. Msimamizi akaniambia nimletee mbili azisome. Nikatafuta siku mbili. Waandishi ni wa kweli, majarida ni ya kweli, lakini makala zenyewe hazijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Nilimwambia mtandao unasumbua. Akanitazama tu.

Mama, njia ya haraka ya kukagua ni hii. Makala nyingi za siku hizi zina DOI, ile namba inayoanza na 10 halafu nukta. Iandike baada ya doi.org na mkwaju, uone inakupeleka wapi. Ikikupeleka kwenye makala nyingine au isikupeleke popote, shtuka. Zile za zamani zinaweza kukosa, hizo zitafute kwa jina.

Kuhusu lile jarida la kuku na makanisa, mimi niliwahi hata kulilipa moja la aina hiyo. Nilituma makala Jumatatu, Alhamisi nikaambiwa imekubaliwa, "wapitiaji wamevutiwa sana", tuma dola 80. Wapitiaji gani wanasoma kurasa 22 kwa siku tatu bila kuuliza swali hata moja? Lakini nilikuwa nataka kupanda cheo, nikalipa. Mpaka leo naionea aibu kwenye wasifu wangu.

Na siko peke yangu. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ya wazi, akaituma kwa majarida 304 akijifanya mtafiti wa taasisi ya Asmara ambayo haipo. Majarida 157 yakaikubali. Matokeo aliyachapa kwenye jarida la Science mwaka huohuo.


Mkutubi Mstaafu
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mama Dayana, marahaba. Nimefanya kazi maktaba ya chuo miaka 29. Nilianza na kadi kwenye droo, nikamaliza na kugawa nywila kwa vijana wanaozisahau siku hiyohiyo. Nitakujibu kwa urefu maana asubuhi sina kazi zaidi ya chai.

Shida yako ya kwanza ni jina. Wenye majarida hawauiti upatu. Tangu zamani wamezoea kuuita ROSCA, kwa herufi hizo tano, kifupi cha Kiingereza cha chama cha kuweka na kukopa kwa zamu, na kwa majirani zetu wa Kenya utakuta pia neno chama. Vikoba ni kitu kingine, huko tafuta VSLA, kifupi cha Kiingereza cha vikundi vya kuweka na kukopa vya kijijini. Wewe kijumbe unajua tofauti: upatu hela yote ya zamu anapokea mmoja na hakuna kinachobaki, kikoba hela inabaki kwenye sanduku, inakopeshwa kwa riba, mwisho wa mwaka inavunjwa na kugawanywa. Mtindo huo wa sanduku ulianzishwa na shirika la CARE kule Niger mwaka 1991, ukaenea. Mwandishi anayechanganya upatu na vikoba kwenye aya ya kwanza, mpunguzie alama wewe mwenyewe hapohapo. Lakini neno upatu nalo usiliache. Liandike pamoja na ROSCA na Tanzania kwenye Google Scholar, siyo Google ya kawaida. Aliyeliacha neno la Kiswahili ndani ya makala ya Kiingereza mara nyingi ni mtu aliyekaa na wahusika.

Pili, acha kuvua kwa juya. Shika makala moja nzuri uivute kama uzi. Uzi wako unaanzia 1962. Mwaka huo Clifford Geertz, aliyekuwa amekaa Java, aliandika kwenye Economic Development and Cultural Change kwamba upatu ni ngazi ya katikati: mkulima anajifunzia hapo mambo ya fedha, akishazoea atahamia benki na upatu utajifia. Miaka miwili baadaye Shirley Ardener akalinganisha vyama vya aina hiyo katika nchi nyingi, kwenye jarida la Royal Anthropological Institute, na hakukubali kwamba ni ngazi ya kupitia tu. Sasa jiulize, pale Morogoro wafanyakazi wa benki hawachezi upatu? Umeona. Huo ni ubishi wa miaka 60 na ushahidi wake unauza maharage pembeni yako.

Ukiipata ya Ardener ya 1964 kwenye Google Scholar, chini yake utaona maandishi madogo ya idadi ya walioinukuu. Bonyeza hapo. Juu kutakuwa na kisanduku cha kuchagua ili utafute ndani ya hao walioinukuu tu. Weka alama, andika Tanzania. Zile maelfu kwa maelfu zako zitapungua mpaka idadi ya kusomeka na mtu mmoja mwenye watoto watatu. Hiyo ndiyo njia ya kwenda mbele. Njia ya kurudi nyuma ni orodha ya marejeleo mwishoni mwa kila makala unayoiona nzuri. Jina likijirudia kwenye orodha tatu za watu tofauti, lifuate. Mimi nimewaona wanafunzi wakipiga maneno kwenye kisanduku cha kutafutia wiki nzima, na orodha ya marejeleo iko mkononi mwao hawajaifungua.

Kupata nakala sasa. Dola 30 usimpe mtu. Kwenye Google Scholar bonyeza matoleo yote ya makala hiyo, mara nyingi mojawapo ni PDF ya bure iliyowekwa na mwandishi au chuo chake. JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, ukijiandikisha kwa barua pepe unasoma makala 100 kila siku 30 bila malipo, kusoma tu hapohapo, siyo kupakua. Ubora wake ni kwenye za zamani. Majarida mengi yanaizuilia matoleo ya miaka michache ya karibuni, kwa hiyo zile sita zako mpya usizitegemee huko. AJOL, iliyoanza 1998 na iko Afrika Kusini, inakusanya mamia ya majarida yanayochapwa Afrika. Na nenda maktaba ya chuo chako ukamwulize mkutubi kuhusu Research4Life. Ni mpango wa wachapishaji na mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa nchi kama yetu, lakini hauingii kwa jina lako, unaingia kwa nywila ya taasisi. Nilikuwa naitunza nywila hiyo kwenye bahasha, na zipo wiki ambazo hakuna aliyekuja kuiuliza. Ikishindikana yote, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu. Wengi wanafurahi kwamba kuna mtu anawasoma.

Sasa kutathmini, na hapa ndipo nataka ukae. Usianze na ikisiri, ule muhtasari mfupi wa mwanzoni. Ikisiri ni tangazo la biashara. Ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya mbinu: alimwuliza nani, wangapi, aliwapataje, lini, kwa lugha gani, nani alilipia. Kisha rudi kwenye hitimisho uone kama amesema kinachobebwa na hizo mbinu au amezidisha.

Nikupe mfano wa makala mbili za kweli, zote kutoka kwa jirani. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, 2002, kwenye Quarterly Journal of Economics, walifanya utafiti Kibera, Nairobi. Wanasema wanawake walioolewa wanaingia kwenye upatu ili hela isikae nyumbani ikaliwa na matakwa ya mume. Tena wanaonyesha kwamba ushiriki unapanda kadiri mwanamke anavyochangia zaidi kipato cha nyumba, halafu ukifika mahali unashuka, maana mwenye nguvu nyumbani hahitaji kuficha. Mary Kay Gugerty, 2007, kwenye jarida lilelile alilochapia Geertz, alichunguza vikundi vya magharibi mwa Kenya. Yeye anasema hapana, adui siyo mume, adui ni nafsi yangu mwenyewe: peke yangu siwezi kutunza hela, nikiahidi mbele ya wenzangu ninaweza.

Wote ni wasomi wazuri na majarida yote mawili ni mazito. Mhadhiri akisema tathmini, anataka usimame katikati yao. Je, Kibera ya chumba kimoja na vijiji vya magharibi ni mahali pamoja? Maswali waliyouliza yangeweza kuleta jibu la mwenzake? Na kumbuka hao ni wachumi. Sosholojia itauliza wasichokiuliza wao sana: aliyepokea wa kwanza anazuiwa na nini asitoroke? Kwa hilo la kuaminiana na kubanana ndani ya kundi, soma makala ya mapitio ya Alejandro Portes ya 1998 kuhusu mtaji wa kijamii, Annual Review of Sociology. Jarida hilo kazi yake ni kukusanya yale yaliyosemwa na wengi kuhusu jambo moja. Ukipata makala yake moja umepata marejeleo ya mwezi mzima.

Jambo jingine ambalo wapitiaji wengi linawapita. Tafiti nyingi za vikundi zinahoji waliomo. Waliotoka hawapo kwenye hojaji. Aliyeshindwa mchango, akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu ili asiaibike kwa kijumbe, akahama soko, huyo hajawahi kuwa sampuli ya mtu. Ukisoma kwamba asilimia kubwa ya wanachama "wamenufaika", uliza wameulizwa wanachama gani. Na kama aliyelipia utafiti ndiye aliyeanzisha vikundi, uliza mara mbili.

Kuhusu lile jarida lenye duara jekundu. Mwenzangu hapo juu amesema vizuri, mimi naongeza tahadhari ya upande wa pili. Tovuti mbaya siyo ushahidi. Yapo majarida ya idara za vyuo vyetu yenye tovuti za kutia huruma na matoleo yanayochelewa miaka miwili, lakini ndani kuna watu wamekaa vijijini na kuandika kwa uaminifu. Kuchelewa ni umaskini, siyo utapeli. Mwenye haraka ndiye wa kumchunguza. Angalia kama bodi ya wahariri ni watu wanaopatikana kwenye kurasa za vyuo vyao, na kama huko wenyewe wanalitaja jarida. Angalia kama limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusoma bure yaliyokaguliwa. Yaliyomo AJOL mengi yamekaguliwa na kupewa nyota kuanzia sifuri mpaka tatu. Orodha ya majarida mabaya aliyokuwa akiitunza Jeffrey Beall kule Colorado iliondolewa mtandaoni Januari 2017. Nakala zinazozunguka siyo zake, usizitegemee.

Na jarida zuri huchapa makala dhaifu pia. Kwa hiyo bado utarudi kwenye mbinu.

Chai imepoa.


Dogo wa Mabibo
Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Mzee shikamoo. Hiyo ya kutafuta ndani ya walioinukuu sikuwa naijua na niko mwaka wa tatu. Nimejaribu sasa hivi kwa mada yangu ya bodaboda, imekubali.


Mama Dayana wa Kihonda
Jumatano, saa 3:47 usiku

Mzee wangu, Mungu akuweke. Nimefanya kama ulivyosema. Nina tisa mpaka sasa, tano za miaka kumi ya karibuni, zote bure. Nywila ya Research4Life nimeipata maktaba. Dada wa pale alinishangaa, akasema mimi ni wa pili kuiuliza muhula huu.

Ya Kibera nimeisoma mara mbili nikitumia kamusi. Zile fomula nimeziruka, sitadanganya. Lakini kuna kitu kinanisumbua. Wanazungumzia zamu za kupokea kama jambo la kupangwa mwanzoni, kwa kura au kwa mpangilio, likabaki hivyo. Kwetu siyo hivyo. Akifiwa mtu, tunampisha. Mtoto akipangiwa shule ya bweni Januari, mama yake anapanda juu, na aliyekuwa na zamu anashuka bila kinyongo, au na kinyongo ambacho mimi kijumbe nakimaliza pembeni. Mwaka jana zamu zilibadilika mara nyingi kuliko zilivyobaki. Je, naruhusiwa kuandika hivyo kwenye tathmini? Au ataniambia hayo ni maneno ya sokoni?

Na pia, mzee, mimi sikuanza upatu kwa ajili ya kumficha mume. Mume wangu ndiye aliyenipa elfu tano ya kwanza.


Mkutubi Mstaafu
Jumatano, saa 4:30 usiku

Andika. Ila useme wazi wewe ni nani: kijumbe, soko gani, tangu lini. Msomaji ajue umesimama wapi unapoongea. Na usiwageuze akina mama 12 kuwa Tanzania nzima, kosa ambalo umewakamata nalo wengine. Sema: kwa kundi moja ninalolifahamu zamu hujadiliwa upya, kwa hiyo dhana hii ya makala ingehitaji kupimwa tena mahali ambapo hali iko hivyo. Hiyo ni sentensi ya kisomi kabisa, na imetoka sokoni. Majina yao usiyaandike, na waambie kwanza kwamba unataka kuwataja kama kundi. Wakikataa, acha.

La mume wako liache nje, ni zuri lakini ni mtu mmoja. Labda ukiwauliza wale 11 waliobaki, siku nyingine, kwa tasnifu.


Asali na Shubiri
Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Na ile yenye duara jekundu uliiacha?


Mama Dayana wa Kihonda
Alhamisi, saa 3:58 usiku

Nimeirudia jana usiku, nikaanzia kwenye mbinu kama mzee alivyosema. Wanasema walihoji wanawake 384 wenye meza, wote ndani ya soko moja, wote wanacheza upatu. Soko lenyewe nalijua, nilikuwa nashusha mchele pale kabla sijapata meza yangu. Ukihesabu meza zote, za wanaume na za wanawake na zile zilizofungwa, hazifiki mia mbili.


Mkutubi Mstaafu
Alhamisi, saa 4:10 usiku

384! Hiyo nimeiona kwenye tasnifu zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Inatoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970: ukiwa na jamii ya watu milioni moja, chukua sampuli ya 384. Waliichukua namba jedwalini wakasahau kwamba soko halina watu milioni.


Mama Dayana wa Kihonda
Alhamisi, saa 4:22 usiku

Basi nimeamua naiweka iwe ya kumi, na inanikamilishia zile sita za karibuni. Mhadhiri aliuliza kama ni jarida, nitamjibu kwa nusu ukurasa. Nimeshaandika mistari mitano, mingine kesho. Saa hizi nahesabu hela, muuza dagaa anapokea asubuhi na amebadilishana zamu na mtu tena.